Hakuwa Mgeni Kwao: Wasifu wa Msimamizi

Ndugu, jamaa, majirani, walimu, wauguzi na nyote mliofika kutusindikiza: mimi ni shangazi wa marehemu, dada wa baba yake, na ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kuandika maneno haya na kuyasoma. Nilipewa karatasi ya mazishi ya mzee mmoja niitumie kama mfano: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, kuugua, kufariki. Mtu mmoja, ambaye simtaji kwa sababu amekaa mbele na ananiangalia, alinishauri niandike mistari michache tu niishie hapo. "Mtoto wa miaka saba ana wasifu gani?" aliniuliza. Thubutu! Nimejaza sehemu zote, hata ndoa. Kaeni vizuri.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe kumi na moja mwezi wa sita, saa nne asubuhi. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa kaka yangu, fundi makochi, na wifi yangu, ambaye hufanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Alizaliwa mzito, na sauti yake ilifika mpaka kwenye ngazi tulipokuwa tumesimama. Mkunga alitoka anafuta jasho akasema, "Huyu kaja kutoa amri." Dada yake, aliyekuwa na miaka mitatu wakati huo, alimtazama kwa makini akauliza atarudishwa lini.

Nyumba yao wengi mnaijua: vyumba viwili, sebule, na ubavuni karakana ya baba yake, ambayo mlango wake unatazamana na mlango wa jikoni. Watu wa nyumba ile hutoka na kuingia siku nzima, mara jikoni, mara karakana. Na wifi yangu ana ugomvi na vitu viwili hapa duniani: mashuka yaliyokunjwa ovyo na viatu vilivyoachwa katikati ya mlango. Marehemu tangu aanze kutembea aliviacha viatu vyake papo hapo, kimoja kimesimama, kingine chali. Kelele za "Viatu!" nadhani ndilo neno alilolisikia zaidi kabla hajajua jina lake mwenyewe.

Alipokuwa na miaka mitatu na nusu, aliamka asubuhi moja macho yamevimba. Sote tukageuka madaktari. Bibi yake akasema ameumwa na mdudu, baba yake akasema amelala kupita kiasi, mimi nikasema ni vumbi la sponji. Ila wifi alipomvua soksi jioni, akaona alama zake zimezama kwenye miguu kama mtu aliyefungwa kamba. Hakutusikiliza tena. Kesho yake alikuwa hospitali kabla mlango haujafunguliwa. Daktari wa watoto alimweleza kwamba figo zinavuja, kwamba kitu kilichotakiwa kubaki kwenye damu kinatoka na mkojo.

"Atapona?" wifi aliuliza.

"Wengi hupata nafuu, mama. Wengine safari huwa ndefu. Tutajua tukiwa njiani."

"Basi twende," wifi akasema, akambeba mtoto. Mimi nilikuwepo, na sikumwona akitoa chozi mpaka tulipofika kituoni, na hapo pia alisema ni jua.

Maisha ya nyumba yakabadilika. Chumvi ilihama jikoni, ikaondoka kabisa, si kwa mtoto peke yake. Kaka yangu alisema haiwezekani mtoto akodolee sahani za wengine, kwa hiyo sote tule chapwa. Bibi, mama yake wifi, ambaye anapenda chakula chenye ladha kuliko anavyowapenda wakwe zake, alisema, "Mimi nimekula chumvi nyingi, naweza kuiacha sasa." Kila asubuhi kabla ya chai, kaka yangu alichovya kijikaratasi cha kupimia kwenye mkojo wa mtoto na kukisogeza dirishani. Kikibaki cha njano aliingia karakana akiimba. Kikigeuka kijani, yaani figo bado zinavuja, aliingia kimya, na nyundo ndiyo iliyosema. Dawa zilimjaza mtoto mashavu, mpaka watu barabarani wakawa wanamsifu wifi: "Mama, mtoto kanawiri huyu!" Wifi alisema asante na kuendelea na safari yake.

Sasa nawaambia kosa tulilofanya, kwa sababu ndilo lililomfanya marehemu awe mtu mliyemjua. Tuliacha kumgombeza. Hakuna aliyeamua, ilitokea tu. Viatu vyake vilikaa mlangoni, mama yake akaviinua mwenyewe, taratibu, akavipanga ukutani. Akimwaga uji, dada yake ndiye aliyeulizwa kwa nini ameweka kikombe pembeni. Akikataa kuoga, tulimbembeleza watu wanne. Maji aliyoruhusiwa kunywa kwa siku yalikuwa ya kupimwa, kwa hiyo wakubwa walijificha kunywa. Kaka yangu, mwanamume mzima mwenye kitambi, alikuwa akinywa maji amechuchumaa nyuma ya kochi la mteja. Siku moja mtoto alimkuta. Akamtazama, akamwambia, "Baba, kunywa tu. Kiu ni yangu, si yako." Hapo tulipaswa kushtuka, lakini hatukushtuka. Tulicheka, tukamsifu kuwa ana akili.

Alikuwa na miaka mitano alipokata kitambaa. Baba yake alikuwa ametandika juu ya meza kitambaa cha zambarau, laini, cha kochi la mama mmoja mwenye duka la dawa. Akatoka kidogo kuongea na mtu. Marehemu akapanda kwenye kiti, akashika mkasi mkubwa kwa mikono miwili, akakata toka pembe mpaka katikati. Kaka yangu aliporudi alisimama kama aliyepigwa na umeme. Kisha akamgeukia binti yake: "Nani ameacha mkasi mezani? Si wewe?"

"Ni mimi nimekata," mtoto akasema. "Dada hakuwepo. Nigombeze mimi."

"Hapana, mwanangu. Haina shida. Kitambaa tu hicho."

"Nimekata kwa makusudi!"

"Najua. Haina shida."

Mtoto akaanza kulia, mkasi bado uko mkononi. "Kwani mimi ni mgeni hapa?" akauliza. "Wageni ndio hawagombezwi. Dada anagombezwa. Mimi ni mgeni? Naondoka lini?"

Jamani. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mchele, na nilisikia kila neno. Nilitamani ardhi ipasuke. Wifi ndiye aliyetoka jikoni akavuka ua ulio kati ya milango ile miwili, akafuta mikono kwenye kanga, akavuta pumzi, akaanza.

"Wewe mtoto! Nani kakutuma kushika mkasi? Kitambaa cha watu hicho! Unadhani baba yako anaviokota barabarani? Weka mkasi chini! Simama wima ninapokusemesha! Leo utaokota kila msumari uliodondoka kwenye karakana hii, na katuni usahau! Na viatu vyako viko wapi? Mlangoni! Mara ngapi nimesema? Eeh? Mara ngapi?"

Alilia. Alilia vizuri kabisa, kama mtoto yeyote aliyekosa. Halafu akafuta makamasi kwa mkono, akauliza, "Misumari yote? Hata ya chini ya kabati?"

"Hasa ya chini ya kabati," mama yake akasema, akageuka haraka arudi jikoni. Alipofika kwangu alinishika bega na kuniegemea. Lakini mtoto nyuma yetu alishainama chini ya kabati, na jioni ile alikula chakula chake chapwa akaomba kuongezewa.

Tulipokaa sebuleni watoto wakicheza, wifi alituambia wote, na mama yake mzazi akiwemo: "Zinazoumwa ni figo. Figo zina daktari wake. Sehemu nyingine yote ya mtoto huyu ni yetu, na tutamlea. Akikosa atagombezwa, akiweza kazi atafanya, akitakiwa shule atakwenda. Sitaki awe mgeni kwao, hata kwa siku moja. Anayeona hawezi, aseme sasa." Na kuanzia hapo hiyo ndiyo iliyokuwa vita ya nyumba ile. Kupona tulimwombea. Lakini hili la kwamba asiwe mgeni lilikuwa mikononi mwetu, na hatukutaka kushindwa.

Nikija kwenye elimu, marehemu aliandikishwa shule ya awali mwaka huohuo, mwezi wa kwanza haukuwezekana, kwa hiyo akaanza mwezi wa tano. Mkuu wa shule, ambaye tunamshukuru kwa kuja, kwanza alisita. Alimshauri wifi amweke mtoto nyumbani mpaka apone. Wifi akamjibu kwa adabu, "Mwalimu, akingoja kupona ndipo asome, na asipopona?" Akakaa kwenye benchi nje ya ofisi akiwa na sare yake ya kazini, akasema ana subira. Kabla ya mapumziko mtoto alikuwa darasani. Alijifunza kusoma haraka, akawa anasoma kila kitu kilichoandikwa, mpaka maboksi ya dawa zake, kwa sauti, kwenye chumba cha kusubiria, na wagonjwa wengine wakageuka kusikiliza madhara ya dawa hizo. Siku aliyorudi nyumbani na furaha kuliko zote alirudi anakimbia, tai begani, anapiga kelele: "Mama! Leo nimesimamishwa pembeni kwa kuongea darasani!" Wifi alimpigia mwalimu wake simu usiku uleule. Mwalimu akaanza kujitetea. "Sikupigii kulalamika," wifi alimwambia. "Nakupigia kukushukuru."

Kuhusu kazi: marehemu alikuwa mwajiriwa wa karakana ya baba yake tangu siku ya ule mkasi mpaka alipofariki. Baba yake alitoa sumaku kwenye spika mbovu, akaifunga kamba, na marehemu akawa anaiburuta sakafuni kama mtu anayetembeza mbwa, misumari inarukia. Alianza na adhabu, akaendelea kwa kupenda. Kile kitambaa cha zambarau, baada ya mteja kutafutiwa kingine, kiligeuzwa kuwa kigoda chake. Akiwa amekaa juu yake ndipo alipojipandisha cheo. Mteja mmoja alikuja kuchukua kiti, akaambiwa, "Subiri, msimamizi hajakikalia."

"Msimamizi ni nani?"

"Mimi."

Hapo ndipo jina lilipoanzia, na kila mmoja wenu akalitumia mpaka la kuzaliwa likasahaulika. Na msiseme ilikuwa michezo. Alikaa, akaegemea, akafumba macho, akajisogeza kushoto na kulia. Kuruka hakuruhusu, hata kwa wakubwa. Akiridhika alisema, "Kinaweza kwenda." Asiporidhika alisema, "Kuna kitu kinanichoma," na kaka yangu, ambaye ameshona makochi tangu ujana wake, alibishana naye, akafumua, akakuta kweli msumari umelala kwenye sponji. Alipoanza kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu, kiti cha kwanza alichowekwa kilikuwa kimechanika. Alimwambia muuguzi, "Hiki hakijapita kwangu." Jumapili iliyofuata, kwa ruhusa ya hospitali, baba yake alikwenda na sponji, kitambaa na nyundo, akakitengeneza upya, na marehemu akakikalia wa kwanza. Wagonjwa wanaokikalia leo wajue kilikaguliwa.

Kuhusu ndoa: marehemu hakuoa, lakini haikuwa kwa kukosa juhudi. Alimposa muuguzi wa zamu ya asubuhi, yule dada mrefu pale nyuma anayejifanya hanisikii. Alimwambia, "Ukinichoma bila kuniumiza, nitakuoa." Muuguzi akajitahidi. Sindano ikaingia, marehemu akakunja uso, akasema, "Uchumba umevunjika." Wiki iliyofuata waliurudisha, ukavunjika tena. Waliendelea hivyo hadi mwisho, na mimi naona kuna ndoa nyingi zisizo na uvumilivu huo.

Figo zake zilisimama kabisa alipokuwa na miaka sita na nusu. Kuanzia hapo siku za mashine zilikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wifi aliomba zamu za mchana kazini, kaka akawa anampeleka asubuhi, bibi akampikia, na dada yake akamletea kazi za darasani. Alichoka sana siku hizo, alibebwa mgongoni kwenda na kurudi. Lakini akishapumzika, mama yake alimwita: "Soksi zako zikunje mwenyewe!" Kulikuwa na watu waliosema wifi ana roho ngumu. Walisema hadharani, na mmoja aliniambia mimi jikoni kwangu. Nilimwambia anywe chai yake aondoke. Yule mama alikuwa akimfunika mtoto wake, akimpima joto, akimkanda miguu, akimwimbia. Kisha alisimama akamgombeza kwa ajili ya soksi. Vyote viwili vilikuwa mapenzi, na cha pili ndicho kilichomgharimu.

Jumatatu, tarehe tatu ya mwezi huu, aliamka na homa. Alikuwa dhaifu, lakini alijivuta mpaka mlangoni mwa jikoni, akavua ndala zake za bluu katikati kama kawaida, na baba yake akainama ampande mgongoni.

"Ndala hizo," wifi akasema. "Ziondoe mlangoni kwanza."

"Nitaziondoa nikirudi, Mama."

"Haya. Lakini sitazigusa mimi. Nitakungoja."

"Usiziguse," akasema, na akaenda akiwa ameweka shavu kwenye bega la baba yake.

Daktari alisema wadudu wameingia kwenye damu. Walifanya kila waliloweza, na familia inawashukuru, tulikuwepo, tuliona. Jumanne alipata nafuu kidogo, akamuuliza baba yake kama kochi la mwalimu lililokuwa likishonwa karakana limekwenda. Kaka akamwambia bado, halijakaliwa. Akafikiri. "Dada alikalie," akasema. "Ila asiruke." Jumatano, daktari alipokuwa akisikiliza kifua chake, aliendelea kuongea, na mama yake akamwambia, "Funga mdomo, daktari anasikiliza." Akafunga, akatabasamu. Aliaga dunia siku hiyo ya Jumatano, tarehe tano, saa nane mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yake. Nilimpenda mtoto yule. Nimetafuta namna nyingine ya kulisema, nikaona hakuna haja.

Tulirudi nyumbani jioni. Wifi alitangulia, akafika mlango wa jikoni, akazikuta. Moja imesimama, nyingine chali. Na kwa mazoea, kabla hajakumbuka, mdomo wake ukatoa ile sauti tunayoijua: "Wewe! Mara ngapi nimesema..." Dada yake marehemu akainama azichukue.

"Ziache," wifi akasema.

"Ataziondoa nani, Mama?"

"Hakuna. Ziache hapohapo. Mgeni akiondoka, haachi viatu mlangoni." Akakaa chini pale kizingitini, akalia, na sisi wote tukakaa naye.

Marehemu ameacha baba yake, fundi makochi. Mama yake, wifi yangu. Dada yake, ambaye jana alikalia kochi la mwalimu, akafumba macho, akasema linaweza kwenda. Bibi yake, ambaye amekataa kurudishiwa chumvi. Na mimi, shangazi yake. Ameacha mwalimu aliyemsimamisha pembeni, na mchumba mmoja. Ameacha sumaku, kigoda cha zambarau, na ndala za bluu katikati ya mlango.

Tukitoka hapa mtakuja nyumbani. Mtazikuta. Naomba mtu asiziinue, asizipange ukutani, asijifanye anatusaidia. Zirukeni, kama tulivyokuwa tukiziruka siku zote, na mkitaka kunung'unika, nung'unikeni.

Pumzika kwa amani, Msimamizi. Mama yako hajazigusa.